Mwili wa Mtu si Mzigo

Jioni moja, wiki chache zilizopita, mama mmoja mjane wa parokia yetu hapa Kamina alikuja kwetu, akapewa kiti, akakaa kitambo pasipo kusema neno. Mama huyu ana watoto saba. Binti yake wa nne ameolewa Ubelgiji, na mwaka huu amejaliwa mtoto wa kwanza. Kama ilivyo desturi yetu, mama mzazi ndiye apaswaye kwenda kumwogesha mtoto na kumkanda binti yake kwa maji ya moto. Basi binti na mumewe wakajinyima, wakanunua tikiti ya eropleni, wakaituma. Viza ikapatikana baada ya mahangaiko ya miezi mingi. Sanduku likafungwa, na ndani yake vitenge vitatu na shanga za mtoto.

Hatimaye mama akasema: “Mwalimu, mimi siendi.”

Tulishangaa, tukamwuliza sababu. Akaeleza kwamba jirani yake, aliyepata kusafiri Ulaya, amemwambia habari ya kibanda cha kioo kilichomo katika viwanja vya ndege. Msafiri huingia na nguo zake zote, huamriwa kuinua mikono kama mtu aliyetekwa vitani, na vijana walio nje humwona uchi. “Vijana wa umri wa wanangu waniangalie hivyo? Kwetu hiyo ni laana, kwao na kwangu. Tena mimi napokea Komunyo Takatifu. Je, si dhambi?”

Wako watu ambao wangecheka. Sisi hatukucheka, maana mama huyu aliuliza swali ambalo wakuu wa serikali, mahakimu, waganga na hata Baba Mtakatifu wameulizwa. Tulimwomba atupe siku chache tutafute jibu. Jibu lenyewe ni hili, nasi twaliandika hapa kwa sababu twajua hayuko peke yake. Vijana wetu wanakwenda masomoni ng’ambo, masista na mapadri wanatumwa mbali, na wazazi wanaitwa na watoto wao. Kila mmoja wao aweza kukutana na mashine hiyo.

MASHINE YENYEWE NI KITU GANI?

Asiyeijua kesi asiihukumu. Tangu zamani viwanja vya ndege vilikuwa na mlango wa kutambua chuma. Msafiri apita, na mlango ukigundua kisu au bastola, hulia. Lakini mlango huo haujui lolote juu ya unga wala maji, na watu wabaya walilifahamu jambo hilo upesi.

Siku ya Noeli ya mwaka 2009 kijana mmoja wa Nijeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alipanda eropleni huko Amsterdam kwenda Detroit, Marekani, akiwa na baruti iliyofichwa ndani ya chupi yake. Hakuna mlango uliolia. Eropleni ilipokaribia kutua, alijaribu kuiwasha. Kwa rehema ya Mungu baruti haikulipuka. Iliwaka moto tu, ikamchoma yeye mwenyewe, na wasafiri wenzake wakamkamata. Mlikuwamo watu wapatao 290, wazee, wanawake na watoto, waliokuwa wakienda kusherehekea kuzaliwa kwa Bwana.

Baada ya siku hiyo serikali nyingi ziliharakisha kununua mashine za kukagua mwili, ambazo zilikuwa zikijaribiwa hapa na pale. Zilikuwa za namna mbili. Namna ya kwanza ilitumia eksirei hafifu: miali yake hupenya nguo, hugonga ngozi na kurudi nyuma, na mashine huichora picha kwa miali ile iliyorudi. Namna ya pili hutumia mawimbi ya redio yaliyo mafupi sana, yasiyo eksirei hata kidogo. Namna zote mbili hazioni matumbo wala mifupa kama eksirei ya hospitali. Huona kilicho juu ya ngozi na chini ya nguo: karatasi mfukoni, kitambaa cha jasho, unga uliofungwa kiunoni.

Lakini ili kukiona kitu kilicho juu ya ngozi, mashine zile za kwanza zilichora umbo lote la mwili. Mtu aliyekaa mbele ya kioo aliona kama sanamu ya chokaa, mwanamume au mwanamke, mnene au mwembamba, pasipo nguo. Kwa hiyo jirani yule wa mama hakutunga uongo. Lisemwalo lipo. Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka kadhaa, na ndiyo sababu watu wengi wa mataifa mbalimbali walipaza sauti.

WATU WALILALAMIKA NINI?

Lalamiko la kwanza lilikuwa la haya. Mwezi wa Februari 2010 baraza la wanazuoni wa Kiislamu la Amerika ya Kaskazini lilitangaza kwamba kupita katika mashine hizo ni kinyume cha mafundisho yao juu ya stara, likawashauri waumini waombe kukaguliwa kwa mkono. Mwezi uliofuata wanawake wawili waliokuwa wakitoka Manchester, Uingereza, kwenda Pakistan, walikataa kuingia katika mashine, mmoja kwa ajili ya dini yake na mwenzake kwa ajili ya afya. Sheria ya Uingereza wakati ule ilikuwa kali: asiyeingia hasafiri. Wakapoteza tikiti zao, wakarudi nyumbani.

Lalamiko la pili lilihusu picha. Wakuu walisema kwamba picha za wasafiri huonwa mara moja na kufutwa. Lakini mwezi wa Agosti 2010 ikajulikana kwamba katika mahakama moja ya mji wa Orlando, Marekani, mashine ya kukagua watu mlangoni ilikuwa imehifadhi picha zaidi ya 35,000. Watu wakauliza: ikiwa mashine ya mahakama yaweza kuhifadhi, nani atatuhakikishia kwamba ile ya kiwanja cha ndege haiwezi? Na huko Heathrow, London, mwezi wa Machi mwaka uleule, mfanyakazi mmoja alipewa onyo na polisi kwa kuwa mwenzake wa kike, aliyepita katika mashine kwa bahati mbaya, alilalamika kwamba ametamka maneno ya aibu juu ya umbo lake. Ikiwa hayo yalimpata mwenzake wa kazi, msafiri asiyejulikana ataambiwa nini nyuma ya ukuta?

Lalamiko la tatu lilikuwa la afya. Miali ya zile mashine za eksirei ilikuwa michache mno. Wataalamu waliilinganisha na ile ambayo msafiri huipata kwa dakika chache tu za kuruka juu angani, kwa maana angani nako kuna miali itokayo kwenye jua na nyota. Hata hivyo mwezi wa Aprili 2010 wataalamu kadhaa wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco waliiandikia serikali yao kwamba miali hii huishia katika ngozi, kwa hiyo yafaa kupimwa kwa uangalifu zaidi, hasa kwa wazee, watoto na wanawake wenye mimba. Baadaye, mwaka 2015, uchunguzi mkubwa wa wataalamu wa Marekani ulionyesha kwamba vipimo vilikuwa chini ya mipaka iliyowekwa. Lakini hatuwezi kuwalaumu waliouliza. Kuuliza si ujinga.

Lalamiko la nne ni lile la wagonjwa. Yuko mtu aliyekatwa titi kwa ajili ya kansa, naye huvaa la bandia. Yuko aliyepasuliwa tumbo, naye hubeba kifuko cha haja chini ya shati. Ugonjwa ambao hata ndugu zake hawaujui, mashine huuonyesha kwa mgeni, na mgeni humsimamisha mbele ya watu kumwuliza: “Hiki ni nini?” Kwa mtu wa namna hii mlango wa kiwanja cha ndege umekuwa mahali pa machozi.

Tena liko lalamiko ambalo mama zetu walijue kabla ya kusafiri. Mashine huhangaika mbele ya nywele nyingi, misuko na vilemba. Wanawake weusi wa Marekani walilalamika kwamba vichwa vyao vinapapaswa mbele ya watu kuliko vya wengine. Mwaka 2015 wakuu wa ukaguzi wa nchi ile walikubali kuwafundisha wafanyakazi wao upya juu ya jambo hilo, lakini mwaka 2019 waandishi wa habari walionyesha kwamba shida ingalipo. Basi mama aliyesukwa vizuri asishangae akiombwa kuguswa nywele. Hakutenda kosa lolote.

NENO LA BABA MTAKATIFU

Tarehe 20 Februari 2010, wakati ubishi ulipokuwa mkali, Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita aliwapokea Vatikano wakuu na wafanyakazi wa usafiri wa anga wa Italia. Hakuitaja mashine kwa jina, lakini kila aliyesikia alifahamu. Alikubali kwamba hatari ya ugaidi ni ya kweli na kazi yao ni ngumu. Kisha akawakumbusha kwamba hata hapo mtu ndiye wa kwanza, na kwamba yatupasa kumlinda na kumthamini mtu mzima jinsi alivyo. Akaongeza kwamba kumheshimu msafiri hakuifanyi kazi yao iwe hafifu, bali ndiyo alama ya kazi iliyo bora.

Mafundisho hayo si mageni kwetu. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Katika kitabu cha Mwanzo twasoma jinsi wana wawili wa Nuhu walivyomfunika baba yao aliyelala uchi: walichukua nguo, wakatembea kinyumenyume, nyuso zao zikitazama upande mwingine, wasimwone. Yule ndugu yao aliyetazama na kwenda kusimulia ndiye aliyeleta laana nyumbani. Wazee wetu Waluba wangalisikia habari hii kabla ya Injili kufika Katanga, wasingehitaji mwalimu wa kuwafafanulia. Walijua heshima ya buko, mkwe na mama mkwe wakiachiana njia. Walijua pia kwamba uchi wa mzazi si kitu cha kutazamwa na mtoto.

Na kila Ijumaa ya Kwaresima, tunapofuata Njia ya Msalaba, tunapiga magoti kwenye kituo cha kumi: Yezu avuliwa nguo zake. Kanisa lingeweza kukiacha kituo hicho, maana kabla yake mna mapigo na baada yake mna misumari. Halikukiacha, kwa kuwa kumvua mtu nguo mbele ya watu ni mateso yenye jina lake.

JE, NI DHAMBI?

Sasa tumjibu mama. Dhambi hutoka katika nia ya mtu. Mtakatifu Augustino, alipoandika juu ya wanawake Wakristu wa Roma waliotendewa jeuri mji ule ulipotekwa mwaka 410, alifundisha waziwazi kwamba mwili ukitendwa bila nia kukubali, usafi wa moyo hauondoki. Mwenye hatia ni mtenda jeuri. Ikiwa ni hivyo kwa jambo zito namna ile, sembuse kwa mama anayesimama sekunde chache katika kibanda, mavazi yake yote mwilini, akitii sheria ya safari? Hana dhambi hata ndogo. Apokee Komunyo kwa amani.

Lakini kusema kwamba si dhambi si kusema kwamba haya yake ni upuuzi. Haya ni mlinzi ambaye Mungu amemweka mlangoni pa mwili. Sisi Wakongo tuna Mwenye Heri Anuarite, sista kijana aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kukataa kuutoa mwili wake kwa mkuu wa askari, naye Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Hatulinganishi mlango wa kiwanja cha ndege na kifodini chake, tusije tukakidharau. Twasema tu kwamba taifa lenye msichana wa namna hiyo mbele ya altare haliwezi kuwacheka mama zake wanapoulizia heshima ya miili yao.

KULALAMIKA KULIZAA MATUNDA

Hapa tunafika kwenye habari ambayo jirani wa mama hakuijua, kwa kuwa alisafiri zamani. Wale waliopaza sauti hawakupaza bure.

Huko Marekani watetezi wa siri za watu waliishtaki serikali. Tarehe 15 Julai 2011 mahakama ya rufani mjini Washington iliamua kwamba serikali ilikosea kuweka mashine hizo bila kuwauliza wananchi maoni yao kwanza. Mahakama haikuziondoa, lakini ilisema kosa ni kosa. Mwaka 2012 bunge likatunga sheria kwamba mashine zote zibadilishwe, zisionyeshe tena umbo la mtu. Zile za eksirei zilishindwa kubadilishwa, na kabla ya mwezi wa Juni 2013 zikawa zimeondolewa zote katika viwanja vya ndege vya nchi ile.

Ulaya nayo, mwezi wa Novemba 2011, ilitoa kanuni zake. Eksirei isitumike kukagua miili ya wasafiri. Picha isihifadhiwe wala kunakiliwa. Mahali ambapo mtu bado anaangalia picha, akae mbali asikoweza kumwona msafiri. Na msafiri aelezwe, apewe nafasi ya kukataa mashine na kukaguliwa kwa njia nyingine. Uingereza ilichelewa, lakini mwaka 2013 ikalegeza ile sheria yake ya asiyeingia hasafiri.

Je, leo mashine inaonyesha nini? Katika hizo zilizobadilishwa, kioo huonyesha mchoro mmoja tu, kama ule ambao mtoto wa darasa la kwanza huuchora ubaoni: kichwa, mikono, miguu. Mchoro ni uleule kwa askofu na kwa mchuuzi, kwa mama mzee na kwa msichana. Mashine ikitilia shaka mahali fulani, huweka alama ya mraba juu ya mchoro, mathalani begani au kiunoni, na mlinzi hupagusa hapo tu. Mara nyingi kioo hicho kipo palepale, na msafiri mwenyewe aweza kukitazama.

Wasomaji wapenzi, tulifikirie jambo hili. Mwanzoni mafundi walitengeneza mashine zenye kuchora umbo lote la mtu. Mama wa Kiislamu aliyekataa, mgonjwa aliyelia, mwanasheria aliyeshtaki na Papa aliyekumbusha, wote hawakujua kutengeneza mashine. Walijua tu kwamba mtu si mzigo wa kupitishwa. Walipokaza neno hilo, mafundi walirudi kazini, na njia ikapatikana ya kumlinda msafiri na kumsitiri pamoja.

TUSIWADHARAU WALINZI

Hata hivyo mtu asije akasema: basi ukaguzi uondolewe. Sisi wa Kongo hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Tarehe 15 Januari 2023, huko Kasindi karibu na mpaka wa Uganda, bomu lililipuka katika kanisa la ndugu zetu Waprotestanti wakati wa ubatizo, likaua watu zaidi ya kumi. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda katika Ituri, wauaji waliingia katika parokia yenye jina la Mwenye Heri Anuarite, wakawaua waamini waliokesha katika sala. Ukatili haujui altare. Jirani zetu wa Uganda, baada ya mabomu yaliyoua watu zaidi ya 70 Kampala tarehe 11 Julai 2010, walizoea kukaguliwa hata wanapokwenda Namugongo kuwaheshimu Mashahidi tarehe 3 Juni. Mlinzi anayefungua mfuko wa mwenye kuhiji hamtukani. Anamlinda yeye na watoto wake.

Kwa hiyo mambo mawili yasimame pamoja: usalama ni haki ya wote, na heshima ni haki ya kila mmoja.

MLANGO WA MACHIMBO

Liko bado jambo moja, nalo latuhusu sana watu wa Katanga. Kukagua miili hakukuanza na eropleni. Kulikuwapo tangu zamani kwenye machimbo.

Huko Kimberley, Afrika ya Kusini, wenye machimbo ya almasi waliogopa wizi, na mwaka 1883 wakaamuru wafanyakazi wakaguliwe kwa kuvuliwa nguo. Wafanyakazi Wazungu wakagoma mwaka ule, wakagoma tena mwaka 1884, na baadhi yao wakauawa kwa risasi. Mwishowe Wazungu hawakuvuliwa tena. Na Waafrika? Wao waliendelea kuvuliwa, na kuanzia mwaka 1885 wakafungiwa katika kambi zenye kuta, wasitoke mpaka mkataba umalizike. Kabla ya kurudi kwao waliwekwa chumbani siku kadhaa, uchi ila blanketi, wakichunguzwa kama mifuko.

Hofu ya wizi ilikuwa moja, na almasi zilikuwa zilezile. Lakini lalamiko la mwenye nguvu lilisikiwa, na la mnyonge halikusikiwa. Somo lake ni hili: ukaguzi wa haki hujulikana kwa kuwapitisha wote mlango mmoja. Mkubwa akipita huku akipigiwa saluti, na mchimbaji akivuliwa shati, hapo pana dharau iliyovaa nguo za usalama.

Tena tusiilaani mashine yenyewe. Katika Afrika ya Kusini hiyohiyo, eksirei ya kupiga picha mwili mzima, iliyobuniwa ili kuwakagua wachimbaji wa almasi, iligeuzwa baadaye kuwa chombo cha hospitali, nayo huwasaidia waganga kuona upesi majeraha ya watu waliogongwa na magari. Chombo ni kilekile. Moyo wa anayekitumia ndio uliobadilika.

MASHAURI YETU

Kwa wasafiri twasema hivi. Ondoeni mfukoni kila kitu, hata karatasi na rozari, maana kitu kidogo chaweza kuleta shaka. Mwenye ugonjwa au kiungo cha bandia amweleze mlinzi mapema, kwa sauti ya chini, wala asione haya. Asiyetaka mashine aseme kwa upole kabla ya kuingia. Katika nchi za Ulaya ana haki ya kuomba njia nyingine. Kila nchi ina sheria zake, na Marekani, tangu mwaka 2015, mlinzi aweza kumlazimisha msafiri fulani kuingia. Mwanamke aombe kukaguliwa na mwanamke, na aombe mahali pa faragha ikiwa nguo itafunuliwa. Wala asitukane. Mlinzi naye ana mama yake.

Kwa wanafunzi wetu tuna neno zito zaidi. Baadhi yenu mtakuwa askari, maofisa wa forodha, walinzi wa machimbo ya Kolwezi na Likasi, wakaguzi wa kiwanja cha ndege na gari la moshi. Huku kwetu watu wengi hawajaiona mashine ya kioo. Ukaguzi wanaoujua ni wa mikono. Basi mikono yenu iwe safi. Mwanamume asimguse mwanamke. Mzee aamkiwe kwanza, ndipo aombwe kufungua mzigo. Kilichoonekana mwilini mwa mtu au mfukoni mwake kisisimuliwe kwa kicheko jioni. Na atakayemkagua mtu ili amtoze franga, huyo hana tofauti na mwizi aliyeogopwa. Uungwana ni vitendo.

Tulimsomea mama haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: “Na nikisema sitaki kuingia kibandani, wataelewa Kiswahili changu?” Tukachukua karatasi, tukamwandikia kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa, kwamba yeye ni mama mzee, anaomba kukaguliwa kwa mkono na mwanamke, mahali pa faragha, na anashukuru. Akatuomba tumsomee mara mbili. Kisha akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Ataondoka Alhamisi, tumwombee safari njema.

Alipofika mlangoni akageuka. “Mwalimu,” akasema, “mwezi uliopita, kwenye kizuizi cha barabara, kijana mmoja alinipapasa kiunoni akitafuta fedha, na wenzake wakacheka. Kwa hao sina karatasi. Nao mtawaandikia?”

Hatukuwa na jibu jioni ile. Basi maneno haya yawe karatasi yao. Wewe uliyesoma mpaka hapa, nawe unaye ndugu au mwana anayesimama kwenye kizuizi, msomee.